Ngurumo Anaponyanyuka

6 Februari

Kwako Kasuku, mpwa wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkwe wangu dereva, na namsalimu huyo binti yenu, Bibi Mdogo, ambaye unasema miguu yake haikubali tena viatu. Mimi mzima. Goti la kushoto linaniuma wakati wa baridi na la kulia wakati wa joto, kwa hiyo hakuna msimu ulioonewa. Paa la kibanda cha kazi limekubali kuacha kuvuja. Bado naziba matundu ya ndoo na mabeseni, ila wateja wamepungua, siku hizi kila mtu na plastiki yake.

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini nimeisoma yote, hata pale ulipoandika kwa herufi kubwa VAA ILE MASHINE YA MASIKIO, MJOMBA. Nimeona. Tuendelee na mengine.

Nimepata mbwa.

Usianze kupiga kelele, sikusikii. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa kinauza matangi yake kama chuma chakavu, na mwenye mali aliniita niyakague. Unajua mjomba wako ameishi ndani ya matangi zaidi ya nusu ya umri wake, akikwangua kutu kwa nyundo huku wenzake wakigonga kwa nje, na ndiyo maana masikio yangu yamebaki mapambo. Sasa mtu wa matangi, kabla ya jambo lolote, huweka kiganja kwenye bati. Ndivyo tulivyofundishwa. Mkono unapata habari kabla ya macho. Nikaweka kiganja kwenye tangi la mwisho, lile la pembeni, nikahisi linatetemeka.

Mwenye mali alikuwa bado ofisini anatafuta funguo. Nikaegemeza ngazi, nikachungulia kwa tochi. Chini kabisa nikaona macho mawili na mdomo unaofunguka na kufunga. Mbwa! Sijui aliingiaje, nadhani alikuwa anakimbia mvua, akatumbukia kwenye tundu la juu. Mbavu zimemtokeza, sikio moja limechanika, lakini kifua, Kasuku, kifua cha ng'ombe. Niliposhuka kwa ngazi ya ndani ya tangi alikuwa anabweka, naona kwa mdomo, anarukaruka, na bati lote linatikisika chini ya miguu yangu. Nikasema, lo, huyu ana sauti ya kuangusha ukuta! Jina likapatikana hapohapo: Ngurumo.

Nikambeba begani, nikapanda naye ngazi na haya magoti yangu. Amenikojolea shati kuanzia begani hadi mfukoni. Nimechukulia kuwa ndiyo asante yake.

Sasa amelala mlangoni na mimi naandika. Nilisema nitampa chakula cha siku moja halafu aende zake. Amekula, ameniangalia, hajaenda.

Wako,
Mjomba

27 Februari

Mjomba wangu mkaidi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na magoti yako yote mawili. Huku hatujambo. Kazini mambo ni yaleyale: nasimama kwenye mvuke wa pasi mchana kutwa, mashuka ya hoteli yanakuja machafu yanaondoka meupe, mimi nabaki nimeiva. Bibi Mdogo anaongea mpaka jirani wa juu anagonga sakafu. Baba yake yuko safarini, anakusalimu.

Haya, mbwa. Mjomba! Ulikataa paka wa bure. Ulikataa kuku kwa sababu eti wanakudharau. Leo unapanda ngazi na mbwa begani, katika umri huo, peke yako, bila mtu wa kukushikia? Ungeanguka humo ndani ungemwita nani, na ungejuaje kama amekujibu?

Na niambie kitu kimoja. Mbwa mwenye sauti ya kuangusha ukuta unamfuga wa kazi gani, wakati wewe hata ukuta ukianguka utaona vumbi tu? Ungevaa ile mashine ungeifaidi hiyo ngurumo. Nilikununulia ukae nayo kwenye masikio, umeiweka kwenye kikombe cha kabatini. Usibishe, fundi cherehani jirani yako aliniambia nilipompigia simu kuulizia hali yako. Ndiyo, nampigia yeye kwa sababu kukupigia wewe ni kuongea na ukuta. Na ujumbe wa simu hutaki, eti herufi zake ndogo. Kwa hiyo tunaandikiana barua kama watu wa zamani, na mimi sichoki, ila kuna siku nataka tu kukusikia ukicheka.

Umwogeshe huyo mnyama kabla hajaingia ndani. Na umpeleke kwa daktari wa mifugo, nakujua wewe.

Mpwa wako,
Kasuku

20 Machi

Kasuku,

Salamu kwenu. Hapa ni kazi na kula na kulala, na katikati ni Ngurumo.

Nimemwogesha. Aliniogesha na mimi. Ni wa rangi ya kahawia, kumbe. Nilidhani ni mweusi.

Nitakueleza jambo la ajabu, nawe usinicheke. Huyu mbwa amekuwa masikio yangu. Sitii chumvi. Analala katikati ya chumba, na kila mtu anapogonga mlango, ananyanyuka na kuutazama. Mimi naacha kazi, nafungua. Wiki ya kwanza nilifungua nikamkuta fundi cherehani na ndoo mkononi. Nikamwambia karibu, ingia, usisimame hapo kama mgeni. Akaingia, tukanywa chai. Kesho yake Ngurumo akanyanyuka, nikafungua, nikamkuta yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, ambaye tangu nihamie hapa tulikuwa tunapungiana mikono tu kwa mbali. Kumbe ni mtu wa bao! Ananifunga kila siku na ananicheka waziwazi, na mimi nasoma midomo yake vizuri kwa sababu meno hana ya kuificha.

Kwa hiyo siku hizi nina wageni. Kasuku, nyumba hii ilikuwa kimya hata kwa mtu asiyesikia. Nilidhani watu wamenisusa. Kumbe walikuwa wanagonga miaka yote hii, mimi sijui! Nikifikiria hilo najisikia vibaya, halafu namtazama Ngurumo najisikia vizuri.

Tena ni mwerevu. Nimemfundisha ishara za matangini, zile tulizotumia na wenzangu pale nyundo zinapolia na mdomo haufai kitu. Ngumi, anasimama. Kiganja chini, anakaa na kutulia. Nikijipiga kifua, anakuja mbio. Mafundi wengine nilihangaika nao miezi na miezi hawakushika ishara hizo, yeye ameshika kwa siku chache. Ananikodolea macho muda wote, hakosi hata moja.

Basi mashine ya nini? Wape wenye shida. Mimi nina Ngurumo.

Mkwe wangu hajambo? Barua yako imempa mstari mmoja tu, na mstari wenyewe mfupi.

Mjomba

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Tumehama. Ukituma barua utumie anwani mpya niliyoandika nyuma ya bahasha. Ni chumba kimoja na sehemu ya kupikia, ni rahisi kusafisha, na ni karibu na kazini kwa hiyo naenda kwa miguu. Dirisha linatazama uani ambako watu wanaanika nguo. Nikitoka kwenye mashuka ya hoteli narudi kutazama mashuka ya majirani. Ndiyo maisha.

Nimesoma habari za Ngurumo kwa sauti mbele ya wenzangu wakati wa mapumziko, wanawake watano wenye mikono ya moto, wote wakasogea karibu. Mmoja akasema naye anamtaka mbwa wa hivyo, amfungulie milango aliyofungiwa. Nafurahi sana, Mjomba. Nasema kweli. Nilikuwa nikikuwazia umekaa peke yako na ndoo zako, nakosa raha. Sasa nakuona na chai na watu. Mpe huyo mbwa kipande cha nyama, mwambie ni kutoka kwangu.

Lakini sitaacha kusema langu. Bibi Mdogo ana miaka minne sasa. Anaimba. Anajua jina lako, anajua jina la mbwa, anaiga eti jinsi Ngurumo anavyobweka, analiza sauti nzito mpaka anakohoa. Wewe hujawahi kumsikia hata neno moja. Mbwa atakuambia kuna mtu mlangoni, sawa. Atakuambia mimi nasema nini kwenye simu? Umenilea tangu mama alipofariki, ulikuwa unanisikia mimi nikigeuka tu kitandani, hata kabla sijaita. Siombi makubwa.

Basi, nisije nikalowesha karatasi bure.

Kasuku

3 Julai

Mpwa wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Kama uko kazini, weka pasi pembeni.

Kwanza salamu, na tu wazima, mimi na Ngurumo. Nakuambia mapema ili usiruke mistari. Pili, nilikuuliza habari za mkwe wangu, barua yako ikanipa habari za dirisha. Nimeliona hilo.

Sasa sikia. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, mimi na Ngurumo, tunatembea kando ya uwanja wa mbao. Lori likaanza kutoka kinyumenyume. Mimi kama kawaida sijui kitu, lakini sina wasiwasi, si nina mbwa? Ningeona amegeuka nami ningegeuka. Hakugeuka. Nikaona tu kivuli kimetufunika, halafu nikavutwa shati kwa nyuma mpaka vifungo vikaruka. Ni fundi cherehani, alikuwa amekimbia kutoka kwenye kibaraza chake na futi ya kupimia shingoni. Mkono mmoja umenishika mimi, mwingine umemshika Ngurumo ngozi ya shingo. Dereva ametoa kichwa dirishani, anatukana, naona kabisa tusi lenyewe. Kumbe honi ilikuwa inapigwa mpaka mtaa mzima umetoka nje.

Fundi akatuburuta hadi mezani kwake, akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika juu ya kitambaa cha mteja: HUYU MBWA HASIKII.

Nikakasirika. Nikamwambia hasikii vipi, si ndiye anayenifungulia mlango? Akaniangalia, akaniangalia, akasema twende kwa daktari wa mifugo.

Daktari ni msichana mdogo, mpole. Akatuambia tukae, mimi kwenye kiti, Ngurumo chini, wote tumempa mgongo. Fundi alikuwa mbele yetu, naona uso wake. Nikaona tu ghafla ameruka na kuziba masikio. Mimi nimetulia. Ngurumo ametulia. Nikageuka nikakuta beseni la chuma bado linazunguka sakafuni. Daktari akaandika kwenye karatasi: "Mmoja wenu nilimtarajia."

Kiziwi, Kasuku. Kiziwi wa siku nyingi, huenda wa kuzaliwa. Nani angejua? Mimi namwongoza kwa mikono na yeye ananitazama mikono. Tumeishi miezi yote hii viziwi wawili, kila mmoja akimtegemea mwenzake asikie!

Nikamuuliza fundi, basi siku ile ya kwanza ulipogonga? Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amegonga. Alikuwa anapita zake kuteka maji, mlango ukafunguka, mzee akamwambia ingia, usisimame hapo kama mgeni. Akaona haya kukataa. Na mwalimu? Mwalimu alikuwa ameinama mbele ya nyumba yangu anafunga kamba ya kiatu. Wote, Kasuku, wote! Ngurumo alikuwa akinyanyuka kujinyoosha, au kutaka kujisaidia, mimi nakimbilia mlango na kumnasa mpita njia yeyote. Mtaa mzima ulijua. Walisema mzee amepata ukarimu uzeeni, tusimvunje moyo.

Siku mbili nilinuna. Ya tatu nikamtazama vizuri pale amelala, nikafikiria lile lori. Mimi nikigongwa, nimeshaishi vya kutosha. Yeye nilimtoa tangini nikamwambia kaa na mimi. Mtu mmoja katika nyumba hii lazima asikie, na mbwa hawatengenezewi mashine. Nikaenda kabatini.

Nimeivaa. Siku ya kwanza nilitaka kuitupa; karatasi ina kelele, maji yana kelele, viatu vyangu mwenyewe vinanifuata. Halafu paka akapita dirishani, Ngurumo akapanua kile kifua chake chote na kubweka.

Kasuku! Ni sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta! Nyiii, nyiii! Lile dubwana! Na majirani wameniacha niite Ngurumo, Ngurumo, barabarani, miezi yote, nyuso zao kavu! Nikacheka. Kisha nikasikia mzee mwingine anacheka chumbani, nikageuka kumtafuta. Kumbe ni mimi.

Sasa natembea upande wa barabara, yeye upande wa ukuta. Nikisikia gari nampiga begani, anasimama. Mwambie Bibi Mdogo abadilishe sauti anapomwiga.

Mjomba

19 Julai

Mjomba, shikamoo,

Nimesoma kazini na nimeunguza shuka. Msimamizi alikuja kufoka, akakuta tumekaa chini wote tunalia kwa kicheko, akaomba naye asomewe.

Umeivaa. Nimerudia mstari ule mpaka karatasi imelegea.

Basi nipigie. Jioni yoyote. Namba ni ileile. Sisi hatujambo.

Kasuku

27 Septemba

Mpwa wangu,

Nakusalimu wewe na mtoto. Nimechelewa, na sikukupigia simu, na naomba usinikasirikie. Nilikuwa nangoja apone ili nikupigie nikiwa na habari njema ya kukupa.

Ngurumo amefariki.

Sijui kama kwa mbwa watu husema amefariki. Mimi ndivyo ninavyosema. Mwanzoni mwa Agosti alianza kuacha chakula. Daktari akamsikiliza moyo, akasema umechoka, na kwamba tulimkadiria umri vibaya: alikuwa mzee tayari nilipomtoa tangini. Mzee mwenzangu! Nikasema basi tutazeeka taratibu. Akampa dawa, akatuambia tusiende mbali.

Hatukwenda mbali. Nilihamishia kazi ndani, naziba ndoo chumbani, yeye amelala juu ya miguu yangu. Yeye hasikii nyundo, mimi naipunguza sauti kwenye mashine. Fundi alikuwa anakuja na mabaki ya supu, mwalimu anakuja na bao. Ngurumo alipokuwa hawezi tena kunyanyuka walikuwa wanafungua mlango wenyewe.

Siku ile ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye mkeka. Niliweka kiganja ubavuni mwake kama nilivyozoea, na masikioni nina mashine, kwa hiyo nilimpata kwa njia zote mbili: pumzi yake naisikia, moyo wake naugusa. Alikuwa ananitazama mkono ule mwingine, anangoja nimwambie la kufanya. Nikampa kiganja chini. Tulia. Akatulia.

Fundi ameshona shuka la kumfunika, amelipinda pindo kabisa, kana kwamba kuna atakayekagua. Mwalimu amechimba na mimi nyuma ya kibanda, na mgongo wake ule. Nimelia mbele yao. Sikuona haya.

Nataka nikuambie nilivyo, kwa sababu najua utaniwaza. Nina huzuni, lakini moyo wangu umejaa shukrani kuliko huzuni. Kwa miaka nilikuwa nimejifungia nikilaumu watu kwamba hawagongi, na ni kweli hawakuwa wanagonga, ila hata mimi sikuwa nafungua. Akaja mnyama mmoja asiyesikia chochote, akanifanya nifungue mara nyingi mpaka nikawa na watu. Ningekaa na kumpangia mtu kazi hiyo, asingeiweza. Nilimpa ngazi, akanipa mtaa mzima. Namshukuru Mungu kwa lile tangi na kwa mvua ile.

Ila mashine nimeivua. Niliivaa kwa ajili yake. Sasa nikiivaa nasikia chumba kilivyo bila pumzi yake, na hilo sijaliweza. Usiniambie neno kwa sasa.

Mjomba

14 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana, na pole tena.

Sikuambii neno, kama ulivyotaka. Nakuambia tu kwamba siku barua yako ilipofika wenzangu walizima pasi zote kwa muda. Ukumbi wetu haujawahi kuwa kimya hivyo mchana. Bibi Mdogo ameuliza kama Ngurumo ameumia, nikamwambia hapana, babu alikuwa amemshika.

Asante kwa kumpenda hivyo na kwa kunisimulia. Kuna siku ngumu huku, za kawaida tu, kila mtu anazo, na barua za Ngurumo zilinibeba. Ninazo zote chini ya godoro.

Usijali kitu kuhusu sisi. Hatujambo wote.

Kasuku

8 Novemba

Kasuku, mwanangu,

Sianzi na salamu leo, tumeshasalimiana jana kwenye simu, na tutafika huko. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi akukabidhi mkononi.

Kwanza nikueleze ilivyotokea. Wiki zile baada ya Ngurumo nilirudi kuwa mtu wa ndani. Mlango nimeufunga kwa komeo, sitaki pole za watu. Juzi nikatoka kumwaga maji nikamkuta fundi na mwalimu wamekaa kwenye ngazi yangu, chai imepoa. Wakaniambia wamekuwa wakigonga. Safari hii ni kweli, Kasuku, mikono yao imechoka kugonga. Mwalimu akaniandikia kwa kijiti kwenye vumbi kwamba walikuja kila siku. Nikaona haya sana. Nilikuwa na mbwa aliyenipa watu bila yeye kuwasikia, na mimi ninaweza kuwasikia nikakataa. Nikaingia ndani nikaivaa. Chumba kilikuwa kitupu kama nilivyoogopa. Lakini mlango ukagongwa, nikausikia, nikafungua.

Jana jioni fundi akanibonyezea namba yako.

Hukupokea wewe. Alipokea yeye. "Haloo, nani?" Kasauti hako! Nilikaa chini. Nikasema ni babu. Akasema, "Babu wa mbwa?" Nikasema ndiye. Akanibwekea, nyiii, nyiii, sawasawa kabisa, nikacheka na machozi yananitoka. Nikamuuliza mama yuko wapi, akasema anaoga. Nikamuuliza baba yuko safarini? Akasema, "Baba alichukua sanduku. Halafu na sisi tukahama." Akaendelea, kwa sababu ni mtoto wako, hawezi kukaa kimya: "Mama akioga anafungulia maji kwa nguvu ili nisisikie analia. Lakini mimi nasikia."

Ndipo ukaja ukamnyang'anya simu. "Mjomba! Jamani Mjomba, hatujambo, hatujambo kabisa!" Neno hilo umeniandikia tangu Februari, na kwenye karatasi lilikuwa limekaa vizuri, sikulitilia shaka. Jana nimelisikia kwa sauti yako. Halikuwa linasimama. Nikakuuliza, una nini? Ukasema mtandao mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri, mpwa wangu. Nilikuwa nasikia mpaka maji bado yanatiririka nyuma yako.

Sikulaumu. Mimi nilikuwa kiziwi, ungemwambia nani? Ulinipa habari ambazo mtu wa karatasi anaweza kuzibeba. Umesimama peke yako kwenye mvuke ule, unaniulizia magoti.

Kwa hiyo nakuja. Funguo nimemwachia fundi, mwalimu atamwagilia maua niliyopanda juu ya Ngurumo, nyuma ya kibanda. Ni basi la Ijumaa. Sijui nitakaa muda gani, wala usiniulize chumba kitatosha vipi, nimelala matangini mimi. Nimebeba betri za mashine za kutosha.

Usinijibu barua hii, jibu lako litakuta nyumba imefungwa. Usipike kitu cha kunionyesha kwamba mambo ni mazuri. Na nikifika, usifungulie maji. Lia palepale nilipokaa, nikusikie.

Mjomba wako